Kompyuta Isiyomwambia Mtu Neno

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja amekwisha kuwatangazia watu kwamba juzi "nilikata intaneti ya nyumba nzima kwa kuogopa majasusi", naona heri niisimulie mwenyewe kabla habari haijaota mbawa zaidi. Sikukata intaneti ya nyumba nzima. Nilikata ya kompyuta yangu tu, nikiwa katikati ya kuwafundisha watu 18 kwa video mtandaoni, kwa sauti ya mtu asiyekosea, namna ya kulinda faragha katika Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa kompyuta. Hayo ndiyo masahihisho yangu. Sehemu iliyobaki ya masimulizi yake, kwa masikitiko makubwa, ni kweli.

Somo lilianza vizuri, na ninaomba jambo hilo likumbukwe. Niliandika amri ya ubuntu-report show, watu wakajionea kwa macho yao taarifa ambayo Ubuntu, tangu toleo la 18.04 la mwaka 2018, humuuliza mtumiaji kama itumwe baada ya kusakinishwa: aina ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, kadi ya michoro, skrini, lugha, na namna mfumo ulivyosakinishwa. Nikawaeleza kwamba anayekataa kwa amri ya ubuntu-report send no hutumiwa ujumbe mfupi kwa niaba yake, unaoiarifu seva kwamba amekataa. Watu wakacheka, nami nikadhani wanacheka kwa sababu mimi ni mwalimu mzuri. Nikazima whoopsie, ambayo hupeleka ripoti za programu zilizoanguka. Nikaandika ENABLED=0 katika faili ya /etc/default/motd-news, ile inayoleta matangazo kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Laiti ningeishia hapo, leo msingekuwa mnasoma haya.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimebakiza kitu kimoja cha kuwatisha nacho. Usiku wa kuamkia somo nilikesha na tcpdump, programu ya kuchungulia mawasiliano ya mtandao, nikaona kwamba kila baada ya dakika 5 kompyuta yangu inabisha hodi kwenye anwani ya connectivity-check.ubuntu.com. Hodi yenyewe haina siri: NetworkManager, programu inayosimamia mtandao wa kompyuta, inataka kujua kama intaneti ipo kweli, au kama waifai uliyojiunga nayo imekuweka kwenye ukurasa wa kuingia na kukusubirisha hapo. Nilikuwa nalijua jambo hilo vizuri kabisa. Lakini mtu anayetaka kuonekana bingwa hasemi kwamba ameona hodi ya kawaida; husema, kama nilivyosema mimi, "Ndugu zangu, sasa mtazameni mdudu anayejificha."

Paketi, yaani furushi la programu, inayobeba mpangilio wa hodi hiyo inaitwa network-manager-config-connectivity-ubuntu. Lisomeni jina hilo tena, polepole, maana msiba wangu wote umo katika urefu wake.

Niliandika sudo apt purge -y, amri ya kuifuta paketi kabisa. Hiyo -y, kwa wasioijua, huiamuru apt isiulize lolote na ichukulie kila jibu kuwa ni ndiyo, nami niliiweka kwa sababu nilihofia kwamba maswali yangenifanya nionekane mtu wa kusitasita mbele ya wanafunzi. Kisha nikaandika network-m na kubonyeza Tab ili terminali inimalizie jina. Terminali, ambayo sina ugomvi nayo, ilifanya kazi yake kwa uaminifu: iliandika hadi pale ambapo majina ya paketi huanza kutofautiana, ikasimama hapo kunisubiri. Ilisimama kwenye network-manager. Mimi wakati huo sikuwa naitazama skrini. Nilikuwa naitazama kamera, nimeinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kama mhubiri aliyefika kwenye aya anayoipenda, na kwa mkono wa kulia nikabonyeza Enter.

Mistari ikaanza kushuka. Nikayarudisha macho kwenye skrini na kuona mmoja ukitangaza kwamba network-manager inaondolewa, na moyo ukaridhika, kwa kuwa mwanzo wa jina ndio niliokuwa nautarajia. Nikasubiri mkia wake. Mkia haukuja. Macho yakarudi mwanzo wa mstari, yakatembea taratibu hadi mwisho, yakakuta kwamba baada ya neno manager hapakuwa na config, wala connectivity, wala ubuntu, bali namba ya toleo na nukta tatu. (Wapo wanaodai kwamba katika hali kama hiyo mtu hubonyeza Ctrl na C upesi kuisimamisha amri. Hao hawajawahi kuwa na kidole kimoja hewani.) Mdomo wangu, ambao ulikuwa haujapelekewa taarifa na macho, ulikuwa unamalizia sentensi niliyoiandaa tangu usiku: "Na kuanzia sasa, kompyuta hii haimwambii mtu yeyote neno."

Na kweli haikumwambia. Alama ya waifai ilitoweka pembeni mwa skrini, na nyuso 18 zikaganda kwa pamoja, mmoja wao akiwa katikati ya mwayo. Lililonifedhehesha zaidi, na ambalo rafiki yangu halijui hadi atakaposoma hapa, ni kwamba sikunyamaza. Niliendelea kufundisha kwa karibu dakika nzima, nikijipa matumaini kwamba ni wao waliokwama, si mimi. Niliuliza kama kuna swali. Nilipoona hakuna aliye na swali, nikasema, "Vizuri, inaonekana tumeelewana."

Ukarabati hauna mengi. NetworkManager ikishaondolewa, kuirudisha kunahitaji mtandao, na mtandao ndio uliokuwa ukiletwa na hiyo NetworkManager. Rafiki yangu alinipigia simu, akacheka kwanza hadi akamaliza, ndipo akanielekeza niunganishe simu kwa waya wa USB, niigawie kompyuta intaneti kutoka kwenye simu, niandike sudo dhclient, amri ya kuomba anwani ya mtandao, pamoja na jina la kiunganishi kipya, kisha sudo apt install network-manager. Ikarudi, na hodi yake ya kila dakika 5 ikarudi nayo. Niliporejea darasani hapakuwa na mtu.

Jioni, nikiwa peke yangu, nilifungua mipangilio ya kawaida, nikaingia sehemu ya Faragha, nikakuta humo kitufe cha kuzima ukaguzi wa muunganisho, kimetulia mahali pake bila kumdhuru mtu. Nilikizima kwa kubofya mara moja.

Kwa upande wao, picha yangu ya mwisho iliganda kidole kikiwa juu na mdomo ukiwa wazi, na mmoja wenu, ambaye nitamjua tu, aliinasa na kuitengenezea stika. Sasa kila anayelalamika kwenye kundi letu kwamba intaneti yake inasuasua hutumiwa kidole changu. Jana pekee kimetumwa mara nne, na mara ya nne mlalamikaji nilikuwa mimi.