Wanamichezo wa kike India: wazazi wametangulia, ofisi zimebaki nyuma

Olimpiki ya Rio mwaka 2016 iliipa India medali mbili tu, na zote zilitoka kwa wanawake. Sakshi Malik alipata shaba katika mieleka, P.V. Sindhu akapata fedha katika mpira wa vinyoya. Hata Sydney mwaka 2000, medali pekee ya India ilikuwa ya mnyanyua vyuma Karnam Malleswari.

Wanaosema nchi hiyo imebadilika wana hoja nzito. Sakshi ni mtoto wa Haryana, jimbo ambalo sensa ya 2011 ilikuta wasichana 834 kwa kila wavulana 1,000 wa chini ya miaka saba, maana watu walikuwa wakitoa mimba za watoto wa kike. Katika jimbo hilohilo, kijijini Balali, Mahavir Phogat aliwafundisha mieleka binti zake na watoto wa ndugu yake huku wanakijiji wakimsema. Mwaka 2010 binti yake Geeta alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Kwenye kriketi mabadiliko yameingia hadi ofisini. Oktoba 2022 bodi ya kriketi, BCCI, ilitangaza malipo sawa ya mechi kwa wanawake na wanaume wa timu ya taifa: rupia laki 15 kwa mechi ya siku tano, laki 6 kwa ile ya siku moja. Mwaka uliofuata ikaanzisha ligi ya kulipwa ya wanawake. Novemba 2, 2025, Navi Mumbai, kikosi cha Harmanpreet Kaur kiliishinda Afrika Kusini kwa mikimbio 52 na kutwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, baada ya kuwang'oa mabingwa watetezi Australia katika nusu fainali.

Lakini malipo ya mechi si mkataba. Msimu wa 2024-25, mkataba wa juu kabisa wa mwanamke ulikuwa rupia milioni 5 kwa mwaka; wa mwanamume, milioni 70. Wanaoitetea bodi husema soko la wanaume ndilo linaloingiza fedha. Ni kweli, ila soko la wanawake halikupewa hata nafasi ya kukua kabla ya ligi hiyo.

Linaloniuma zaidi ni mieleka. Januari 2023, Sakshi, Vinesh Phogat (mmoja wa watoto wale wa ndugu yake Mahavir) na wenzao waliketi Jantar Mantar, eneo la maandamano jijini Delhi, wakimtuhumu rais wa shirikisho lao, Brij Bhushan Sharan Singh, mbunge wa chama tawala, kuwanyanyasa wanamieleka wa kike kingono. Yeye alikana. Mei 28 polisi waliwakamata wakiandamana kuelekea jengo jipya la bunge. Desemba, mshirika wa Brij Bhushan alichaguliwa kuongoza shirikisho, na Sakshi akaviacha viatu vyake mezani mbele ya waandishi, akastaafu.

Ndiyo maana siikubali hoja kwamba tatizo ni mila za vijijini. Balali ilikwisha kumpeleka binti ulingoni. Waliokwama ni viongozi wa shirikisho. BCCI imeonyesha kwamba ofisi ikitaka, miaka mitatu inatosha kuanza. Mashirikisho mengine hayana fedha zake, lakini kuunda chombo huru cha kupokea malalamiko, ambacho rais hawezi kukigusa, hakuhitaji utajiri wa kriketi.

Vinesh alifika fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, akaondolewa kwa kuzidi kikomo cha uzito kwa gramu 100. Oktoba mwaka huohuo, wapigakura wa Julana, Haryana, walimchagua kuingia bunge la jimbo hilo.