Shahamu ya pomboo inajibu swali ambalo jeni haziulizwi

Mshale wa mtafiti, wenye ncha iliyo wazi, humpiga pomboo ubavuni, ukadunda na kuelea. Ndani ya ncha hubaki kipande kidogo tu cha ngozi na shahamu. Wataalamu wa jeni huitaka ngozi wajue nani ndugu wa nani. Wanakemia huitaka shahamu wajue mnyama huyu amekuwa akila wapi. Na ukifika wakati wa kuamua kama pomboo wa ghuba mbili ni kundi moja au mawili, jeni hupewa kiti cha mbele, kemia ikabaki mlangoni.

Wanaoipinga kemia wana hoja. Jeni hazibadiliki pomboo akihama, ilhali isotopu (atomi za aina moja zenye uzito tofauti) za kaboni na naitrojeni kwenye ngozi husimulia mlo wa wiki au miezi michache tu. Na kuna suala la mama. Uchunguzi wa shahamu za pomboo wa Zanzibar, uliochapishwa 2010, ulikadiria kwamba mama humpa mtoto wake 72% ya mzigo wa viuatilifu vya klorini alio nao mwilini, na 85% ya kemikali za bromini zinazodhaniwa kutengenezwa na viumbe wa baharini wenyewe. Kupitia kondo la nyuma hupita 2.5% na 0.5% tu. Kilichobaki chote ni maziwa! Kwa hiyo mama aliyetoka kunyonyesha anaweza kuonekana msafi kuliko mwanawe wa kiume anayeogelea naye. Wapime bila kujua ni nani, utaapa wametoka bahari mbili.

Lakini takwimu hiyo inamshinda anayepima wingi peke yake. Mwenye uzoefu hulinganisha madume na madume, kisha hutazama mchanganyiko. Pilau ikiliwa robo tatu, ukoko bado unanukia viungo vilevile. Mchanganyiko nao huyumba kidogo, ndiyo, maana 72 si 85, ila kuyumba huko kunajulikana na kunapimika.

Tazama Brunswick, jimbo la Georgia, Marekani. Kiwanda cha klorini cha hapo kilitumia Aroclor 1268, aina ya PCB (kemikali za viwandani zenye klorini) ambayo haikutumika sana kwingineko, na mwaka 1996 eneo lake likaingizwa kwenye orodha ya serikali ya shirikisho ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya. Pomboo wa mlango wa mto wa hapo wanaibeba kemikali hiyo kama chapa. Chapa hiyohiyo ilikutwa hata kwa pomboo wa Sapelo, kilomita 40 hivi kutoka hapo, lakini kwa kiwango cha chini. Kipimo cha ukoo kisingekuambia nani anakula karibu na kiwanda.

Tena jeni zina udhaifu wao usiosemwa sana. Madume wachache tu wakivuka kila kizazi na kuacha watoto upande wa pili, jeni zitaonyesha kundi moja, hata kama wengine wote hawatoki kwenye ghuba yao maisha yao yote. Jarife likiua pomboo kumi wa ghuba hiyo, wa jirani hawaji kujaza pengo kwa sababu tu bibi zao walikuwa ndugu.

Zanzibar haina chapa kali kama ya Brunswick, na heri: PCB zilizokutwa ni chembechembe. Kuna mabaki ya zamani ya DDT, dalili za lindeni, kiuatilifu kingine, iliyotumika karibu na wakati wa uchunguzi ule, na zile bromini, ambazo zilizidi viuatilifu vyote. Ni alama hafifu, na peke yake mimi nisingezitegemea kuchora mpaka. Zikiwekwa pamoja na isotopu na picha za mapezi zinazomtambulisha kila pomboo, hapo nazikubali.

Wala si lazima kurusha mshale. Pomboo hunaswa kwenye majarife na kufa. Kabla mzoga haujazikwa au kutupwa, kata kipande cha ngozi na shahamu, andika ni jike au dume, urefu wake na mahali wavu ulipotegwa. Kifunge kwa karatasi ya alumini, si mfuko wa plastiki unaoweza kukichafua, kisha kiweke kwenye barafu.