Paka hawajaingiwa na jini, nyumba ndio haina harufu yao

Hapa Lamu kila anayehama na paka lazima apewe ule ushauri wa bure, waachilie tu watazoeana wenyewe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ndio, wako wanaozoeana, lakini wengine inaishia mmoja amehamia juu ya paa na mwengine anakojolea mito ya sebuleni, afu mwenye nyumba anasema huyu ameingiwa na jini, apelekwe kule soko la samaki akakae huko.

Kinachoshangaza watu ni paka waliokua pamoja, hata mama na mwanawe, wamelala mkeka mmoja miaka yote, mmetoka mtaa wa Langoni mmeenda mtaa wa Mkomani tu hapo, na usiku huo huo wanatunisiana manyoya kama hawajawahi kuonana. Manake paka mwenzake anamjua kwa harufu zaidi kuliko sura. Wanavojisugua mashavu kwenye mlango, kwenye kitanda, kwenye miguu yako, wanaacha harufu yao, mashavuni kuna vitezi vya kazi hiyo na kwenye nyayo pia. Nyumba ya zamani ilikuwa imejaa alama zao, hii mpya haina hata moja. Na akishtuliwa na punda anayelia dirishani, hasira zinamshukia aliye karibu.

Sasa sisi tukihamia nyumba tunafanyaje? Tunaosha sakafu kwa dawa mpaka macho yanawasha, mashuka yote yanafuliwa, afu udi na ubani chumba hadi chumba. Kwetu pamenukia, kwa paka hapana kitu anachokijua. Sisemi msifukize (mamangu akisoma hivo atanitoa kwenye ukoo), nasema chumba kimoja kiacheni. Humo weka mkeka wao wa zamani bila kuufua, karai la mchanga wa kujisaidia, maji na chakula, na ufunge mlango. Kama washaanza kugombana basi kila mmoja chumba chake, mpanguse huyu mashavu kwa kitambaa kikavu ukiweke anapolala yule, na cha yule ukilete huku, na chakula wale kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, siku zikienda unaufungua kidogo kidogo. Vichwa vya samaki ndio mahali pake hapa. Wakipulizana kidogo sio neno, cha kuangalia ni mmoja akianza kumvizia mwenzake au kumzibia njia ya kwenda kwenye mchanga. Na usimpige wala kumwagia maji, atakachojifunza ni kwamba yule mwengine akitokea na mabaya yanakuja.

Makarai nayo msiyabanie, paka wawili makarai matatu, na sio yote pembe moja.

Kuna wanaosema kumfungia paka ndani ni dhambi, wanakukumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Isomeni yote basi, yule alimfunga asimlishe wala asimwache akale vijidudu vya ardhini. Wewe wako anakula kichwa cha changu chumbani, dhambi iko wapi?

Wiki mbili tatu ndani zina faida nyengine, vichochoro vyetu vyote vina wenyewe. Hapo nje kuna paka shume wa mtaa hana mchezo, na wako akitoka mapema atapigwa au atafunga safari kurudi nyumba ya zamani. Tena nyumba yenye kiwanda (ua wa ndani) kilicho wazi juu, kufunga mlango wa mbele peke yake haisaidii, paka wa Lamu njia yake ni paa kwa paa. Kama una dume hajahasiwa mpeleke kwa daktari wa wanyama, watu wanamuonea huruma lakini hawamuonei huruma akirudi na sikio limechanika.

Wengine hata ufanye yote hawatapendana, wataishi kama wake wenza, huyu juu yule chini, na mimi hilo silioni tatizo.

Kuhusu kuwabeba, gunia acheni jamani. Tenga la kuku la kuazima linatosha ukilisafisha na kulifunika kanga iliyovaliwa, ila kila paka tenga lake, manake wakishtuka na injini ya boti mkienda Shela wakararuana humo ndani, hiyo kazi ya vitambaa umejiongezea mara mbili kabla hamjafika.