Eti "nyie si mnapewa hela za ulemavu"
Jamani hii kauli imenichosha, kila boom (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo toka Bodi ya Mikopo) likiingia lazima atokee mtu "kaka nipige tafu elfu kumi, wewe si una ile ya ulemavu". Ipi hiyo? Ulemavu unakupa kipaumbele wakati wa kuomba mkopo, basi, tena mpaka fomu ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa (mguu haujaota toka nikiwa mtoto lakini sawa, tuthibitishe), na ukishapata ni MKOPO, ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara kama yeyote anayetembea kwa miguu yake miwili. Hela ya kula niliyopata mimi na yako ni ileile. Tofauti ni kwamba wewe unatoka hosteli unatembea zako, mimi ni bajaji kwenda bajaji kurudi, mvua ikinyesha jamaa anapandisha bei, ile mipira ya chini ya magongo inalika kama sabuni na kuipata dukani ni kesi nyingine, halafu kipindi kikihamishiwa ghorofa ya tatu na lifti mbovu ndo naishia kutoa kopi notsi za watu, kwa hela hiyohiyo ya kula.