Kobe ndani, mbuzi nje: mnyama wa nyumbani aokolewe vipi maafa yakija?

Nchini Marekani, FEMA, idara ya serikali inayoshughulikia maafa, imeandika wazi ni mnyama gani anahesabiwa kuwa wa nyumbani pale fedha za dharura zinapotumika. Mbwa yumo. Paka yumo. Ndege, sungura, panya wa kufugwa na hata kobe wamo. Farasi hayumo, wala mnyama yeyote wa shambani. Kwa hiyo mtu wa Louisiana anayekimbia kimbunga amekumbatia kobe wake anafikiriwa katika mipango ya kuhamisha watu. Mwenye mbuzi anaelekezwa dirisha lingine, la watu wa kilimo. Kwao mgawanyo huo una mantiki yake. Uhamishie Tana River au Rufiji kama ulivyo, na utakuwa umewaokoa kobe ambao hakuna anayewafuga na kuwaacha mbuzi ambao watu wanawategemea.

Naanza na kobe kwa sababu kila mvua kubwa ikinyesha kwetu ubishi ni ule ule. Upande mmoja unasema binadamu kwanza, na anayetaja paka wakati watoto wako juu ya paa hana haya. Upande wa pili unanyoosha kidole Marekani na Japani na kuuliza kwa nini sisi hatuna sheria kama zao. Kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyokubali. Kosa lao ni moja: wote wanabishana kuhusu nafasi kwenye boti, na mambo huharibika muda mrefu kabla boti haijafika.

Tuanze na wanaotaka sheria, maana hoja yao mara nyingi husimuliwa vibaya, kama vile ni huruma tupu. Kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Louisiana tarehe 29 Agosti 2005, kingo za kuzuia maji zikabomoka, na takribani asilimia 80 ya jiji la New Orleans ikazama. Waliokimbilia uwanja wa Superdome walipoanza kupandishwa mabasi, wanyama walikataliwa mlangoni. Shirika la habari la AP liliripoti kisa cha mtoto aliyenyang'anywa kijibwa chake na polisi, akalia huku akiita "Snowball, Snowball" mpaka akatapika. Kisa hicho kilifika bungeni, na Oktoba 2006 Rais George W. Bush akatia saini sheria inayozitaka serikali za majimbo na za mitaa kuwaweka wenye wanyama ndani ya mipango yao ya maafa.

Kilichowashawishi wabunge, lakini, hakikuwa chozi la mtoto peke yake. Utafiti wa 2006 wa Fritz Institute, taasisi ya Marekani ya masuala ya misaada ya maafa, ulionyesha kwamba asilimia 44 ya walioamua kutohama walitaja wanyama wao kuwa sababu mojawapo. Mbwa aliyekataliwa mlangoni mwa basi anamrudisha mwenye mbwa nyumbani, na kesho yake mtu huyo yuko juu ya paa anasubiri helikopta. Ukiitazama hivyo, sheria ya wanyama inageuka kuwa sheria ya watu. Ni kweli kwamba wengi wa waliobaki New Orleans hawakuwa na gari wala fedha za kulala hotelini, na mnyama alikuwa mzigo juu ya mizigo mingine. Namba ile isibebeshwe zaidi ya inachoweza. Hata ukiipunguza nusu, bado ni watu wengi.

Japani ilijifunza kwa njia ya uchungu zaidi. Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami kuharibu mitambo ya nyuklia ya Fukushima, wakazi wa eneo la kilomita 20 waliamriwa kuondoka. Wengi walidhani watarudi baada ya siku chache. Waliwaachia mbwa chakula, wakawaacha wamefungwa. Siku chache zikawa miaka. Ng'ombe wa maziwa walikufa kwa njaa zizini, shingo zikiwa bado katikati ya vyuma vya kulishia. Naoto Matsumura, mkulima wa Tomioka, alikataa kukaa nje ya eneo lile lenye mionzi akawa anazunguka kulisha wanyama wa majirani. Wizara ya Mazingira ya nchi hiyo baadaye ilitoa mwongozo unaowataka wenye wanyama wa nyumbani, kama mbwa na paka, wahame pamoja nao.

Kuhama nao ni jambo moja, kupokewa nao ni jambo jingine. Tetemeko lilipopiga Kumamoto mwaka 2016, watu walihama na mbwa na paka kama walivyoelekezwa, wakafika kwenye kumbi zisizopokea wanyama. Baadhi yao walilala ndani ya magari siku nyingi, na madaktari wakaanza kuonya juu ya damu kuganda miguuni kwa waliolala wamejikunja. Hapo ndipo ninapowauliza wanaotaka tuinakili sheria ya nje: tukimwambia mtu abebe paka wake halafu mwalimu mkuu wa shule inayopokea wahanga akamzuia getini, tumemsaidia nini?

Sasa upande wa pili, na sitaupunguza makali.

Agosti 2021, Kabul ilipoangukia mikononi mwa Taliban, Mwingereza Pen Farthing, aliyekuwa na kituo cha kutunzia wanyama huko, alifanikiwa kuondoka na zaidi ya mbwa na paka 150 kwa ndege iliyokodiwa kwa michango. Wafanyakazi wake Waafghanistan walizuiwa wakati huo wasipite kuingia uwanjani. Walikuja kuvuka kwenda Pakistan baadaye. Watetezi wake walisema, na ni kweli, kwamba wanyama walikaa sehemu ya mizigo, hawakuchukua kiti cha mtu. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, alikuwa amesisitiza kwamba watu watangulie wanyama. Nadhani Wallace aliuelewa uhaba vizuri kuliko waliomshambulia. Kilichokuwa adimu Kabul siku zile ni lango, na askari wa kukuvusha langoni. Dakika iliyotumika kuvusha vizimba haikurudi.

Ulete uhaba huo kwetu. Mwishoni mwa Aprili 2024 barabara ya kuelekea Garissa ilikatwa na mafuriko karibu na Madogo, watu wakawa wanavuka kwa boti, na boti moja iliyojaa abiria ikapinduka, watu wakafa. Katika hali ile nani ataniambia nahodha ampandishe na mbuzi? Mnyama akihangaika katikati ya maji, uzito unahama upande mmoja na chombo kinakwenda nao. Mimi niko na wale wasemao nahodha ndiye mwenye neno la mwisho, na akikataa mnyama asirekodiwe video ya kuaibishwa na mtu aliyesimama nchi kavu.

Hoja ya afya nayo haijibiwi kwa kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtoto aking'atwa kwenye kambi ya wahanga, sindano zinazotakiwa hudungwa kwa awamu, na pengine zahanati yenyewe iko chini ya maji. Kwa mifugo kuna Homa ya Bonde la Ufa, inayopenda kufuata mvua kubwa: ilizuka Garissa baada ya El Niño ya 1997, ikarudi mwishoni mwa 2006 na kuua watu Kenya, Somalia na Tanzania. Mtu huipata kwa mbu, au kwa kushika damu, nyama au mimba iliyotoka ya mnyama mgonjwa. Kwa hiyo anayetaka watu na mbuzi walale kwenye darasa moja kwa jina la huruma anacheza na moto.

Upande wa pwani kuna jambo jingine ambalo watu wa misaada hulipita kimya kimya. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi kutoka Lamu hadi Kilwa, mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kituo cha wahanga aghalabu ni shule au madrasa, na mama anaswali palepale alipotandika mkeka wa kulalia wanawe. Kumwambia ampishe mbwa wa jirani si jambo dogo kwake, wala si ushamba. Ila dini hiyo hiyo ina hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia mpaka akafa, hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi haimtaki mtu amlaze paka kitandani. Inampa njia mbili tu: mlishe, au mfungulie.

Ningependa kila tangazo la mafuriko libebe hilo neno la pili. Mbwa wa ulinzi wa mitaa yetu hufungwa mchana, hufunguliwa usiku. Mnyororo wake ni hatua mbili tatu, umezungushwa kwenye nguzo ya banda au shina la mwembe, na kitasa chake kimeshika kutu kiasi kwamba mwenyewe hukigonga kwa jiwe ndipo kifunguke. Maji yakipanda, mbwa anasimama kwa miguu ya nyuma, mnyororo unakazika, na hapo kinachomzamisha ni chuma. Mbwa anajua kuogelea. Ng'ombe naye huogelea vizuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini si akiwa amefungwa kwenye kigingi ndani ya zizi la komeo. Kuku ndio hawana bahati. Hao ni wa kubebwa kwenye tenga, na kwa kuwa kuku mara nyingi ni fedha ya mama wa nyumba, tenga lile ni sabuni, chumvi na madaftari ya muhula ujao. Paka huingia kwenye gunia lililotobolewa matundu ya hewa, atalalamika, atafika.

Watapinga: mbwa waliofunguliwa watazurura makundi makundi, watakula mizoga, watang'ata watu. Ni kweli. Ndiyo maana nasema kazi hii ilipaswa kufanyika miezi kabla ya mvua, kwenye kampeni za chanjo. Wataalamu wanalenga asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa usisambae. Kata iliyofikia hapo inaweza kuwafungulia mbwa wake maji yakija bila kuogopa sana. Kata isiyochanja italazimika kuchagua kati ya mbwa wazame au watu wang'atwe, na uchaguzi huo utakuwa umefanywa na bajeti ya mwaka uliopita.

Tofauti nyingine isiyotajwa ni muda. Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kabla ya alfajiri na kuzoa nyumba watu wakiwa wamelala. Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe havikumpa mtu nafasi ya kuvaa viatu. Kwa maafa ya namna hiyo mjadala wa wanyama haupo, na atakayeuleta anyamazishwe. Lakini wiki hiyo hiyo ya Mai Mahiu serikali ya Kenya iliwapa saa 24 za kuhama watu wanaoishi karibu na mabwawa 178. Na kimbunga Hidaya, kabla hakijafika pwani ya Tanzania tarehe 4 Mei, kilikuwa kimefuatiliwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa siku kadhaa. Katika saa 24 mtu anahamisha mbuzi kumi kwa miguu. Kinachomzuia ni kutojua awapeleke wapi, basi mke na watoto wanatangulia, baba anabaki na mifugo. Huyo baba ndiye New Orleans yetu, isipokuwa anachokataa kukiacha hakimo kwenye orodha ya FEMA.

Mwongozo wa kimataifa wa mifugo katika dharura, LEGS, uliotolewa kwa mara ya kwanza 2009, unamfikiria baba huyo: malisho, maji, tiba, kuuza sehemu ya kundi mapema bei ingali nzuri, mahali pa kuwahifadhi. Ni mwongozo mzuri, ila unazungumzia mifugo, haumjui paka. Sheria ya Marekani inamjua paka, kwa mbuzi inakwambia nenda dirisha la pili. Familia moja ya ukingoni mwa Tana ina paka wa panya, mbwa wa fisi, kuku wa mama na mbuzi wa ada ya shule, wote ndani ya ua mmoja, na haina nafasi ya kupanga foleni mbili.

Kwa hiyo sioni haja ya kusubiri Bunge. Shule zitakazopokea watu zinajulikana kabla ya masika, kwa sababu ni zile zile za mwaka jana. Chifu au mtendaji wa kata na mwalimu mkuu wanaweza kukubaliana leo kwamba kiwanja cha mpira, upande wa mbali na kisima na upepo usikotoka, ndicho cha mifugo. Kwamba mwenye mbwa aje na kamba yake na cheti cha chanjo, naye atalala upande huo huo. Na kwamba darasani haingii mnyama, isipokuwa paka aliye ndani ya kikapu. Gharama yake ni miti ya uzio na mlinzi mmoja wa usiku. Mlinzi atatoka miongoni mwa wenye mbuzi wenyewe, maana hawatalala.