Nati ya ekseli haitaki misuli, inataka kipimo

Nilibadilisha beringi ya tairi la mbele kushoto mara 3 ndani ya miezi 11, na leo nasema wazi, tatizo halikuwa beringi. Gari ni Subaru Impreza WRX ya macho ya duara, gia ya mkono, gari nililolitamani miaka mingi mpaka nikalipata, kwa hiyo likiumwa na mimi naumwa. Kila mara dalili ni ileile, ukifika spidi 80 unaanza kusikia mvumo kwa chini kama feni ya dari iliyochoka, ukikata kona ya kulia mvumo unapanda, ukikata ya kushoto unapungua, maana kwenye kona ya kulia mzigo unalalia upande wa kushoto, ndo unajua mgonjwa ni yupi.

Mara ya kwanza fundi akaniambia beringi ya Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, ni feki. Nikakubali. Mara ya pili akasema hivyohivyo, nikakubali tena, siku hizi ukiambiwa spea ni feki unabishaje? Mara ya tatu nikajinyima nikanunua ya Kijapani kwenye boksi lake, na mwezi mmoja na nusu baadaye mvumo huo hapo. Ndo nikajiuliza swali ambalo nilitakiwa nijiulize mapema, hivi hii nati ya ekseli, ile kubwa ya katikati ya tairi, inakazwaje? Maana siku ile nilikuwa nimesimama pembeni nikaona kila kitu, sema sikujua ninachokiona.

Alirudisha nati ileile ya zamani ambayo ukingo wake ulishagongwa na kunyooshwa zaidi ya mara moja. Akaikaza kidogo kwa mkono, akavalisha tairi, akashusha gari chini, akalisogeza mbele na nyuma kidogo ili litoke kwenye jeki. Baada ya hapo ndo akachukua bomba la chuma refu kunipita kifuani, akalichomeka kwenye mkono wa soketi na kuning'inia nalo mwili mzima. "Hapo bosi haitoki hata kwa dawa." Simchukii, ni kijana mchapakazi na alifundishwa hivyo na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo. Lakini makosa yalikuwa matatu na yote yanaua beringi.

Tuanze na hilo bomba. Mtu wa kilo 80 akining'inia kwenye bomba la mita 1.2 anatoa nguvu ya kuzungusha ya zaidi ya newton mita 900, zidisha mwenyewe, 80 mara 9.81 mara 1.2. Gari langu linataka 190 hivi. Impreza za miaka ya baadaye zimepanda mpaka 220, inategemea mwaka na kama ni mbele au nyuma, kwa hiyo angalia manyuali ya gari lako na sio ya jirani. Yaani jamaa alikuwa anaipa nati zaidi ya mara 4 ya inachotaka, na manyuali ya Subaru yenyewe inaonya kwamba kukaza kupita kiasi kunaweza kuharibu beringi. Alafu hakuna kitu kinaitwa kaza ya kawaida ya nati ya ekseli, huu ndo uongo mkubwa kwenye gereji zetu. Mazda MX-5 za kwanza nati ya nyuma ni kati ya 216 na 294. Porsche 911 ya 996, nyuma, ni 460. Sasa mkono gani wa binadamu unajua tofauti ya 190 na 460 kwa kuhisi tu? Hakuna, hata uwe na uzoefu wa miaka 30.

Kosa la pili ndo linaloniuma zaidi kwa sababu hata sisi wa kufanyia nyumbani tunalifanya sana, kushusha gari chini kabla nati haijakazwa. Beringi ya mbele ya hili gari imeshindiliwa kwa presi ndani ya nako, kile chuma kinachoshikilia tairi, ina safu mbili za vyuma vinavyobingirika, na ile ringi ya ndani sio kipande kimoja, ni nusu mbili zinazokutana katikati. Kinachozibana zile nusu mbili zikae kama kitu kimoja ni hiyo nati, inavuta drivu shafti, ule mhimili unaozungusha tairi, upande huu na habu, kile kitovu tairi linapofungwa, upande ule. Nati ikiwa imelegea zile nusu ziko huru, sasa wewe unashusha gari, uzito wote wa kona ile unatua juu ya vyuma ambavyo havijakaa kwenye njia yake, na vinaacha vidimbwi vidogo kwenye ringi. Vidimbwi hivyo huvioni kwa macho ukiwa pale gereji. Utavisikia baada ya wiki kadhaa, mvumo. Ndo maana Subaru wanasema usilegeze wala kukaza hiyo nati tairi likiwa limebeba gari. Ile video ya "shusha chini ukaze kirahisi" uliyoiona, kwa gari hili iache.

La tatu ni nati ya zamani. Hii nati unaigonga ukingo wake uingie kwenye mfereji wa drivu shafti ili isijifungue yenyewe, ukiinyoosha na kuigonga tena pale pale chuma kinachoka. Nunua mpya, ni kitu kidogo sana ukilinganisha na kulipa presi mara 3. Na kabla hujaifungua ile ya zamani, nyanyua kwanza ule ukingo kwa tindo nyembamba taratibu, ukiifungua kwa nguvu na ukingo ukiwa umelala ndani unakwangua thredi za shafti, hapo sasa unatafuta drivu shafti nzima.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kazi hii inafaa kufanyiwa nyumbani, tena nyumbani inatoka vizuri kuliko gereji yenye foleni ya magari sita na fundi mmoja. Nyumbani hakuna anayekuharakisha. Ila usiiguse kama huna namna ya kupima. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ni bora, lakini soma mwisho wake kabla hujatoa hela, nyingi za nusu inchi zinaishia 210, kwa gari la 220 haikusaidii. Kama mpo watu watatu mnaomiliki magari haya mtaa mmoja, changeni mnunue moja kubwa izunguke.

Mimi siku ile sikuwa nayo, na aliyekuwa nayo alikuwa Dodoma. Nikatumia mizani. Mizani ya kuning'iniza, ile ya mshale wa duara, niliazima kwa mama anayeuza samaki mtaani kwetu, nikamwamkia nikamweleza shida yangu, akanipa kwa sharti moja tu, kabla ya alfajiri iwe imerudi maana anaenda nayo Feri, soko la samaki. Hesabu yake ni rahisi kuliko unavyodhani, manyuali nyingi zinaandika pia kwa kilo kwa mita, na 190 ni kama kilo 19.4 kwenye mita 1. Basi.

Nilipandisha gari, nikaweka stendi, tairi nikatoa, nati mpya nikaivalisha, soketi ya 32, bomba nikalielekeza mbele ya gari likae usawa. Kwenye bomba nilishapima mita 1 kamili kutoka katikati ya soketi nikafunga waya hapo, ndoano ya mizani ikaingia kwenye waya. Kabla ya yote nikapima uzito wa bomba lenyewe, soketi ikiwa imeegemea chini na mimi nimeshikilia kwenye waya, ikasoma kilo 1 na nusu. Hiyo lazima uiongeze, kwa sababu unavuta kwenda juu na bomba linakuvuta chini. Kwa hiyo shabaha yangu ikawa kama kilo 21. Mdogo wangu akakanyaga breki mpaka mwisho, injini ikiwa inaunguruma ili breki iwe na nguvu, gia iko fri, na nilimwambia akiachia tu aseme. Nikavuta taratibu, bomba likipanda sana narudisha soketi naanza tena, mshale 12, 15, nati inatambaa, 18, inatambaa kidogo sana, 21 ikatulia. Kilo 21 ni ndoo ya maji ya lita 20 na kidogo, mama zetu wanabeba kichwani. Nguvu yote iliyokuwa inahitajika ni hiyo! Nikarudia mara ya pili kuhakikisha, ikafika 21 bila nati kusogea.

Nikagonga ukingo uingie kwenye mfereji kwa tindo butu, sio kali, kali inapasua. Alafu nikachora mstari mweupe wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye habu, ndo nikavalisha tairi na kushusha.

Beringi ilikuwa ya nne, mpya, kwa sababu ile ya Kijapani ilishaumizwa na haitibiki. Tangu hapo imepita miezi minne. Nimeenda Morogoro na kurudi mara mbili, ile njia ya karibu kilomita 190 kwenda peke yake, na barabara za mtaani kwetu mnazijua. Jumamosi nilibandua kifuniko cha katikati ya rimu nikamulika na tochi, mstari mweupe uko vilevile umenyooka, nati haijasogea hata unywele. Ndani ya gari kwa spidi 80 nasikia injini ya bokseri tu na matairi.

Jumapili hii ni zamu ya upande wa kulia. Nati ninayo, na mama wa samaki nimeshamwambia.