Kushoto Hataki Kutoka Gia

Mtu akisikia unaendesha boti yenye mashine mbili anakuona umefika. Anadhani maisha yako ni miwani ya jua na kuwapungia mkono watu waliojilaza mchangani kisiwani Mbudya. Hajui kwamba mashine mbili maana yake gia mbili, betri mbili, oili mara mbili, na tajiri mmoja ambaye hela ya kutengeneza hata moja inamtoka kwa machozi.

Boti yangu, yaani ya tajiri, maana mimi changu ni usukani na lawama, ni ya ule mtindo wa mashine kukaa ndani halafu mguu wenye propela unatokeza nje kule tezini. Siyo ile mashine ya kuning'iniza ambayo kila mvuvi wa Kunduchi anaweza kuifungua gizani huku anapiga soga. Walioanza kuuza mtindo huu ni Volvo Penta wa Sweden, mwaka 1959, wakauita Aquamatic, na MerCruiser wa Marekani wakaingia 1961. Sina ugomvi nao. Boti ikiwa ya ziwani, maji baridi, jioni inarudishwa nyumbani juu ya trela na kufunikwa turubai, raha mustarehe. Yetu inalala baharini kwenye chumvi, kaskazi na kusi, na turubai lake tajiri alilifanya hema siku ya arusi ya bintiye. Halijarudi mpaka leo.

Mashine zenyewe naziita Kushoto na Kulia. Kulia ni mtu wa watu, ukimwambia twende anakwenda, ukimwambia basi anaacha. Kushoto ndiye mwenye maneno. Siku hizi mama watoto akinipigia simu jioni haulizi hali yangu. Anauliza, "Kushoto leo kafanyaje?" Jibu la hapo ndilo linaloamua kama chakula changu kitapakuliwa au kitafunikwa.

Ugonjwa wake ni huu. Ukimtia mbele anakwenda vizuri tu. Ukimrudisha frii, ama anazimika palepale, ama anaendelea kusukuma mbele na mkono wa gia umesimama wima, kama hujamgusa. Hiyo ya kuzimika nilishaizoea. Hiyo ya pili ndiyo inayozeesha.

Hebu fikiria. Unaingia gatini na wageni wamevaa nguo nyeupe, simu zote juu wanapiga picha. Unaweka mikono yote miwili frii. Kulia anatii. Kushoto anasukuma, pua ya boti inakwenda kulia. Unasema haya, nimtie Kulia rivasi chombo kisimame. Weee! Kushoto anavuta mbele, Kulia anavuta nyuma, sasa tunazunguka papo hapo kama pia, na kwenye gati watu wanakimbiza ndoo zao za samaki. Kuna mgeni alipiga makofi. Alidhani ni sehemu ya safari, imo kwenye bei.

Dawa pekee ni kumzima Kushoto kwa ufunguo, ukaingia na mashine moja kwa adabu. Shughuli iko kwenye kumwasha tena. Kuna swichi inayozuia mashine isiwake ikiwa imo kwenye gia, sawa, lakini swichi yenyewe imo kwenye kasha la mkono wa gia. Inautazama mkono, haiutazami mguu. Mkono ukisema frii, swichi inaamini, mashine inawaka, na kule chini propela imeng'ata mbele. Boti inaruka. Kijana wangu wa kamba siku hizi nikigusa ufunguo tu anajishikilia kwanza, halafu ndiyo anauliza tunakwenda wapi.

Sasa waganga. Pwani hii hakuna mtu asiyejua gia. Muuza madafu anajua, muuza kashata anajua, mlinzi wa hoteli ambaye hajawahi kuvuka maji ya magotini naye anajua. Tajiri nikimpigia simu, kabla sijamaliza kusema ananikata, "Badilisha oili." Huyu dawa yake ni oili. Nadhani hata akiumwa jino anabadilisha oili.

Fundi wa kwanza alifika, akasimama mchangani na viatu vyake, boti ikiwa imetia nanga huko mbali, akaitazama, akasema, "Gia boksi hiyo. Imekwisha." Hajaigusa! Hata mganga wa ramli anatandika kwanza kitambaa. Na bei alikuwa nayo tayari mfukoni, na nusu yake alitaka itangulie.

Nikamwambia panda kwanza uione. Akapanda, akapekua, akakuta swichi nyingine ndogo pale waya wa gia unapofika kwenye mashine. Hiyo ina kazi yake. Kwenye mguu wa aina yetu gia inashikwa na meno. Mashine ikivuta, meno yameng'atana, hayaachiani kwa maombi. Basi ukianza kutoa gia, ile swichi inakata moto wa plagi kufumba na kufumbua, meno yanalegea, gia inachomoka, moto unarudi. Lakini waya ukiwa mzito, swichi inabaki imebanwa, moto haurudi, mashine inazimika. Ndiyo maana Kushoto alikuwa anazimika. Fundi akaona mwizi ni swichi. Akaichomoa, akapiga mashine, akatia gia, akavuta. "Umeona? Hazimiki tena." Kweli hakuzimika. Ila na gia haikutoka kabisa, tukaenda mbele mpaka nanga ikatuzuia.

Huyuhuyu fundi ndiye aliyemtengenezea jirani yangu wa pale maegeshoni. Boti ya jirani nayo ni mashine mbili, lakini gia zake ni za koni, hazina meno, wala hazihitaji ile swichi. Kwa hiyo jirani naye kila siku ananishauri, "Mbona mimi yangu haina?" Ndugu yangu, yako ni nyingine! Sasa propela za jirani zinazunguka moja huku moja kule, zisiipeleke boti upande. Kwa gia za namna hiyo, upande wa mzunguko unatokana na jinsi waya ulivyofungwa pale kwenye mkono wa gia, kwa hiyo waya wa kushoto na wa kulia hazifungwi sawasawa. Fundi akafungua, akaona hazifanani, roho ikamuuma, akazifananisha. Jirani akasukuma mikono yote mbele kwa madaha. Moja ikaenda mbele, moja ikarudi nyuma, na ngalawa ya watu ikapoteza tengo.

Ndipo nikamwambia kijana wa kamba, mashine mbili zina raha yake moja, nayo ni kwamba ile nzima inakuonyesha mbovu inatakiwa iweje. Nikazima zote, funguo mfukoni. Nikafungua waya pale unapokutana na mashine, pande zote mbili, nikarudi kwenye usukani nikachezesha mikono. Yote miwili laini. Basi tatizo haliko juu, iwe kwenye kasha au kwenye waya unaotoka usukanini. Nikarudi nyuma nikashika ule waya wa chini, unaopita ukutani kwenda mguuni. Wa Kulia ukateleza kwa vidole viwili. Wa Kushoto nikauvuta kwa mkono, haukuja. Nikaweka mguu kwenye mashine nikauvuta, ukaja kidogo, ukarudi na mchuzi wa kutu.

Oili, gia boksi, swichi, nazi ya muuza madafu, wote hawana hatia. Ni waya.

Nikaenda Kariakoo. Nilijua jibu lakini nikaenda, maana ukiagiza kitu nje kabla ya kufika Kariakoo tajiri anasema umemwibia. "Waya wa gia? Gari gani?" Boti. "Boti ya mwaka gani?" Nikataja. Akaingia stoo, akakaa, akatoka na waya wa klachi ya bajaji. "Hii inaingia popote, bosi wangu." Nikamwekea wangu pembeni, wake haufiki hata nusu. "Utaunga," akasema.

Ukatoka Dubai, kwenye begi la mtu.

Kuufunga sasa. Waya huo haubadilishwi boti ikiwa majini, maana ni lazima mguu wote utolewe, na huku hatuna winchi ya kuinulia boti. Sisi tunangoja bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kukupwa sana. Alfajiri maji yakijaa unaipandisha mchangani, unaifunga, maji yanakupwa, na kwenye saa nne asubuhi boti imekauka. Bamvua huku maji yanashuka zaidi ya mita 3, unaweza ukacheza mpira pale ulipokuwa unaogelea. Tatizo mguu ukiushusha unagonga mchanga, kwa hiyo lazima uchimbe shimo chini yake. Vijana wa ufukweni wakaitwa, wakachimba.

Fundi nilimwambia saa moja. Huyu ni fundi mwingine, wa pili, mtu wa heshima zake. Saa moja hayupo. Saa tatu simu inaita, "Niko Tegeta, nahodha, foleni." Saa tano akatokea, anakunywa juisi ya miwa. Bahari haijui foleni, jamani! Ilishaanza safari ya kurudi.

Tena mguu wa aina yetu hautoki mpaka gia iwe ya mbele. Haya, ndiyo mtihani huo: tumekuja kutengeneza gia isiyobadilika, na sharti la kwanza ni kuibadilisha. Ila Kushoto siku hiyo alikuwa amekwama palepale mbele. Ubishi wake ukatufaa mara moja.

Mguu ukatoka, watu wanne wameubeba. Lile buti la mpira linalopitisha waya lilikuwa limechanika ufa wa kuingia ukucha, na ndani maji ya chumvi yamekaa muda mrefu mpaka yamebadilika rangi. Ganda la waya limevimba, limepasuka kando, nyuzi zimegeuka unga mwekundu. Fundi akaugonga kwenye jiwe ukakatika. Akaniangalia, hakusema neno. Ndiyo nikajua huyu ni fundi.

Tukabadilisha waya, tukabadilisha na buti. Kuuweka sawa, kitabu cha mashine kina kipimo chake, kwa rula. Fundi akasema jicho linatosha. Nikatoa rula ya mwanangu wa darasa la nne, nikasimama juu ya kichwa chake mpaka kikatimia. Maji yako kwenye vifundo. Mguu ukarudi, swichi ikarudishwa kazini, mkono ukawekwa frii, nikazungusha propela kwa mkono: inakwenda huku, inakwenda kule, hainung'uniki. Kijana akatia mbele, propela ikang'ata. Akarudisha frii, ikaachia. Maji kwenye magoti.

Tajiri akafika saa nane, boti inaelea. Akapanda, akachezesha mkono wa Kushoto mara moja, akatingisha kichwa. "Si niliwaambia oili?"

Sikumjibu, kwa sababu vijana wa shimo walikuwa wamenizunguka. Walishalipwa hela ya kuchimba. Sasa wanadai ya kufukia. Nikawauliza shimo liko wapi. Wakanyoosha vidole baharini, kwenye maji ya kifuani, wote pamoja, kila mmoja sehemu yake.